Jiwe lilitangulia, mimi nikafuata

Haya ni maneno niliyosema Jumamosi alasiri katika ukumbi wa parokia, Kamalondo, hapa Lubumbashi. Ndugu wa Likasi, wa Kolwezi na walioko ng'ambo waliomba niyaandike yote kama yalivyosemwa. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Jambo yenu, wababa na wamama!

Jambo yenu tena, vijana mliosimama kule mlangoni! Ingieni, viti vipo huku mbele.

Padri wetu, wazee wa mtaa, wamama wa jumuiya, na ninyi niliowafundisha kemia kwa miaka thelathini na mmoja, aksanti sana. Aksanti ya kwanza ni ya safari yenyewe, maana bila ninyi nisingefika popote. Pesa yangu ya kustaafu ilitosha tikiti na viza, basi. Kitanda, chakula, koti la baridi, vyote nilivipata kwa watoto niliowafundisha hapa, ambao leo wanaishi Antwerpen, Sweden, New York na Osaka. Mmoja wao alilala chini sebuleni wiki mbili ili mwalimu wake apate kitanda. Mama yake yuko humu? Simama, mama, wakuone. Ulimlea vizuri.

Tangu nirudi, sokoni, kanisani, ndani ya taksi-basi, swali ni moja: "Mama Mwalimu, wapi ulipapenda zaidi?" Na ninaona machoni mwao wanangoja niseme Paris. Paris nilikaa siku mbili. Ni mji mzuri, mvua ilinyesha, na sina la kuongeza. Roma niliipenda asubuhi, kabla watu hawajaamka. Lakini mahali palipouteka moyo wangu ni pengine kabisa, na leo nataka kuwaambia kwa nini.

Wengi wenu mlimjua baba yangu. Alifanya kazi kwenye tanuru la mkuba, yaani shaba, chini ya shemine, bomba lile la moshi tunaloliona kutoka kila upande wa mji huu. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza, "Baba, mkuba ukipanda treni unaenda wapi?" Akasema, "Ulaya." Nikamwuliza, "Na baada ya Ulaya?" Akanyamaza. Miaka ishirini na sita aliuyeyusha mkuba, ukampa mshahara, ukampa kikohozi, na hakujua unaishia wapi. Alipofariki aliniachia jiwe la malakiti, jiwe lenye mkuba ndani yake, dogo kama yai la njiwa, la kijani chenye mistari. Hili hapa mkononi mwangu. Nilizunguka nalo dunia kwa miezi kumi na moja. Kila nilipofika nilikuta jiwe letu limeshafika zamani. Jiwe lilitangulia, mimi nikafuata.

Nilianza Ubelgiji, mwezi wa Februari. Nje kidogo ya Antwerpen, kando ya mto Schelde, kuna Hoboken. Ndiko mkuba wa Katanga ulikosafishwa, mwaka baada ya mwaka. Tulisimama nje ya uzio, mimi na mwanafunzi wangu, tukatazama. Nikasema kimoyomoyo: Baba, ni hapa. Hapakuwa na zaidi. Uzio, moshi, malori.

Kesho yake tulikwenda Tervuren, na hapo nikae kidogo.

Mwaka 1897 mfalme Leopold wa Pili aliamuru Wakongomani 267 waletwe Tervuren, wajengewe vijumba kando ya ziwa la bustani, Wabelgiji waje kuwatazama. Watu, ndugu zangu! Kutazamwa! Kiangazi kile kilikuwa cha baridi na mvua, na saba kati yao wakafa. Wamezikwa pembeni mwa kanisa la kijiji, na majina yao yapo. Naomba tuyataje. Mimi ninasema, ninyi mnarudia.

Ekia. Gemba. Kitukwa. Mpeia. Zao. Samba. Mibange.

Aksanti. Sasa sikilizeni. Karibu na hapo kuna jumba la makumbusho, na ndani yake upo ukuta wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo zamani za utawala wa mfalme yule. Majina 1,508, na yote ni yao. Jumba lilipofunguliwa upya mwaka 2018, mchongaji wetu wa Kinshasa, Freddy Tsimba, alikuwa amefanya jambo moja. Aliandika majina ya Wakongomani waliofia Ubelgiji kwenye vioo vya madirisha, yanayoelekeana na ukuta ule. Jua likiwaka, kivuli cha majina yetu kinaangukia majina yao. Jua lisipowaka, huoni kitu.

Siku ile mawingu yalikuwa mazito. Nililingoja jua saa moja na nusu. Mlinzi alikuja mara mbili kuniuliza kama ninaumwa. Kisha likatoka, dakika nne hivi, na majina yakatembea ukutani mbele yangu, nami nikayasoma kwa sauti kama nilivyozoea kuwasomea ninyi darasani asubuhi. Hapo ndipo nilipofahamu ninachokitafuta. Nilidhani ninatafuta mkuba. Kumbe nilikuwa natafuta majina.

Kutoka hapo nilipanda kwenda Sweden, mji wa Falun. Mkiniuliza tena wapi nilipapenda, nitawajibu: Falun. Ni mji mdogo wenye nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyekundu iliyokolea, na rangi hiyo hutengenezwa kwa mabaki ya mgodi. Sisi tuna mlima mweusi wa takataka za tanuru katikati ya mji. Wao takataka zao wamezipaka ukutani. Mgodi wa mkuba wa Falun ulichimbwa karibu miaka elfu moja. Kuna wakati katika karne ya 17 sehemu kubwa ya mkuba wote wa Ulaya ilitoka kwenye shimo lile moja. Mwaka 1687 kuta za shimo zikaanguka, shimo zima likabomoka kwa mara moja. Hakufa mtu. Mnajua kwa nini? Ilikuwa sikukuu yao ya kiangazi, wachimbaji wote walikuwa nyumbani. Mgodi ulifungwa mwaka 1992.

Lakini kisa kilichonikalisha chini ni hiki. Mwaka 1677 kijana mmoja mchimbaji, wakimwita Fet-Mats, aliingia mgodini peke yake na hakutoka. Alikuwa na mchumba. Walimtafuta, wakachoka. Miaka ikapita, kumi, ishirini, arobaini. Mwaka 1719 wachimbaji wakafungua njia ya zamani iliyojaa maji, wakakuta ndani yake mwili wa kijana. Haujaoza. Uso mzima, nywele nzima. Wakaupandisha juu, wakauweka hadharani, na hakuna aliyeweza kusema ni nani. Rafiki zake walikuwa wamekufa au wamezeeka.

Wanafunzi wangu wa kemia, mwili usingeozaje? Mnakumbuka salfeti ya shaba, ile chumvi ya buluu tuliyokuwa tukiikuza kwa uzi ndani ya kikombe? Maji ya shimo lile yalijaa chumvi za namna hiyo, na chumvi hizo haziruhusu vijidudu vya kuozesha vifanye kazi yao.

Basi akatokea bikizee mmoja, Margareta Olsdotter. Akasogea, akatazama, akasema: huyu ni mchumba wangu. Yeye sasa ni bibi, mwenzake bado kijana vilevile alivyokuwa walipoagana miaka arobaini na miwili nyuma. Akampa jina lake. Wamama, fikirini dakika ile. Fikirini uso wa yule bibi.

Baadaye mwili ule uliwekwa kwenye sanduku la kioo watu wautazame, na haukuzikwa kwa mara ya mwisho hadi 1930. Hilo silipendi, na niliwaambia pale pale. Lakini jina lilirudi.

Nikiwa nimesimama ukingoni mwa shimo lile, theluji inanigonga usoni, nilimfikiria mama mmoja wa hapa kwetu. Yumo humu ndani. Mtoto wake alikwenda karieri, kwenye mashimo ya kuchimba madini, na wenzake msimu wa mvua, ardhi ikateleza, na siku ya tatu tingatinga likasawazisha mahali pale. Hakuna msalaba. Hakuna karatasi. Mama huyu hakupewa hata nafasi ya kusema: huyu ni wangu.

Nitapita haraka New York, ingawa wengi wenu mlitaka nikae huko. Kuna kivuko cha bure kinachotoka Manhattan kwenda kisiwa cha Staten Island. Ukisimama upande wa kulia unaiona ile sanamu kubwa ya mwanamke mwenye mwenge. Ilizinduliwa mwaka 1886, na ngozi yake ni mkuba, unene wa milimita 2.4 tu! Ilikuwa na rangi ya senti mpya. Hewa na mvua vikaigeuza kijani. Nilitoa jiwe la baba nikalishika kuelekea kule, kijani na kijani. Mkuba ukikaa nje muda mrefu hurudia rangi ya jiwe ulikotoka.

Lakini kivuko kile kilinipeleka mahali pengine. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba migodi ya Katanga, aliagiza jiwe jingine la kwetu lipelekwe huko kwa meli: jiwe la urani la Shinkolobwe, karibu na Likasi. Tani zipatazo 1,200, ndani ya mapipa, likawekwa kwenye ghala Staten Island, chini ya daraja la Bayonne. Likakaa. Septemba 1942 akaja ofisa wa jeshi la Marekani, na kwa mazungumzo yasiyofika saa moja likanunuliwa lote. Mahali pengine urani ilipatikana kwa sehemu ndogo isiyofika moja kwa mia ndani ya mwamba. Shinkolobwe mawe mengine yalifika 65 kwa mia. Nilifika chini ya daraja lile. Sikuona kibao. Nilisali Baba Yetu nikarudi kivukoni.

Mnaanza kuona ninakokwenda. Subirini. Kwanza Chile.

Calama ni mji wa jangwani, kaskazini mwa Chile, na karibu yake liko shimo la Chuquicamata. Niseme nini? Mmeona mashimo ya Kolwezi. Chukueni hayo, myaunganishe, mchimbe hadi karibu kilomita moja kwenda chini. Malori makubwa kama nyumba, ukiyatazama kutoka juu ni sisimizi. Nao walitaifisha mkuba wao, mwaka 1971, miaka minne baada yetu. Mji wa wafanyakazi uliokuwa pembeni ya shimo, wenye shule, kanisa, ukumbi wa michezo, umehamwa wote. Watu wakahamishiwa Calama. Nyumba zimebaki na milango imefungwa.

Nyumba ya wageni nilikolala, baba mwenye nyumba alikuwa mchimbaji mstaafu. Yeye Kihispania, mimi Kifaransa na Kiswahili. Jioni ya kwanza niliweka jiwe la baba juu ya meza wakati natafuta miwani. Akaliona. Akanyanyuka bila neno, akaingia chumbani, akarudi na jiwe lake, kijani pia, lakini linang'aa kama kioo. Wanaliita atakamaiti, kwa jina la jangwa lile la Atacama. Malakiti yetu ni mkuba uliooana na hewa ya kaboni. Lile lao ni mkuba na klorini, kwa sababu ya ukavu na chumvi ya kule. Ndugu wa tumbo moja, waliolelewa nyumba mbili. Tukayaweka pamoja. Kisha akagusa kifua chake, akakohoa kidogo, akanitazama.

Nikagusa jiwe, nikasema, "Papa." Nikagusa kifua changu.

Akaelewa. Wallahi, akaelewa yote. Tulikaa pale hadi chai ikapoa.

Baadaye akachukua gazeti, akaandika pembeni namba mbili: 33, 69. Nani ananiambia ni nini? Ndiyo, wewe wa nyuma! Wachimbaji 33, siku 69 chini ya ardhi, mgodi wa San José, mwaka 2010. Kumbukeni tulivyowasikiliza kwenye redio, tukiwa humu Kamalondo. Mlango wa shimo ulipofunga, nchi nzima ilisimama, na dunia ikawajua mmoja mmoja kwa jina walipokuwa wanapandishwa kwenye kile kidude chembamba. Nilifurahi sana siku ile. Na mwaka uleule, karieri zetu zilimeza wangapi? Nani aliwataja?

Halafu nikavuka bahari kubwa kwenda Japani. Wanafunzi wangu wawili walinipokea Osaka, wakanipeleka Hiroshima mwezi wa Mei.

Wababa, wamama, hapa naomba ukimya kidogo.

Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, bomu lilianguka juu ya mji ule. Urani iliyokuwa ndani yake, sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe. Kutoka kwenye mikono ya watu wetu. Kufikia mwisho wa mwaka ule walikufa watu wapatao 140,000. Nilijua habari hizi, nilizifundisha. Kuzifundisha na kusimama pale ni mambo mawili.

Katika bustani ya kumbukumbu kuna sanduku la mawe chini ya tao. Ndani ya sanduku kuna vitabu, na ndani ya vitabu kuna majina. Kila mwaka, tarehe 6 Agosti, wanaongeza majina ya walionusurika ambao wamefariki tangu Agosti iliyopita. Leo ni zaidi ya 300,000. Na kila mwaka mwezi wa Mei, kabla ya majira ya mvua, vitabu hutolewa nje vipigwe na hewa. Mungu alinifikisha siku hiyohiyo. Niliwaona wafanyakazi wa mji, glavu nyeupe mikononi, wakipanga vitabu juu ya kitambaa cheupe. Saa mbili na robo wakainamisha vichwa. Kisha wakaanza kufungua ukurasa baada ya ukurasa, polepole, wakitazama kama unyevu umeingia, kama ukungu umeshika. Kama mama anayegeuza nguo za mtoto juani. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Na kati ya vitabu vile kimoja hakina jina hata moja. Ni cha wale ambao hakuna aliyejua ni nani. Nacho pia wanakitoa. Nacho pia wanakifungua, ukurasa mweupe baada ya ukurasa mweupe, kwa uangalifu uleule.

Nililia. Nilizunguka dunia nzima, na kitu kizuri kuliko vyote nilivyoviona ni kitabu kile kitupu.

Kando yangu alikuwepo bibi mmoja mwenye fimbo, anayekuja kila mwaka. Kupitia kwa mwanafunzi wangu nilimwambia ninakotoka. Nilimwambia: mama, jiwe lilitoka kwetu. Nilidhani atakasirika, au atageuka. Alinyamaza, akauliza swali moja: "Na wale waliolichimba, walipona?"

Sikuwa na jibu. Niambieni, ningemjibu nini? Nani kati yetu anayo orodha ya wachimbaji wa Shinkolobwe? Nani anajua walikufa kwa nini, lini, wamezikwa wapi? Alinitazama, akanishika mkono, akanipigapiga kiganja. Tukakaa hivyo.

Baada ya Japani nilipita India, nikapita Zanzibar na Dar, nikapanda treni ya TAZARA, kilomita 1,860 za reli iliyojengwa ili mkuba wa Zambia upate njia ya bahari. Nilifurahi kusikia Kiswahili tena, nilifurahi zaidi kula bukari na sombe. Lakini sina nafasi ya kuyasimulia hayo leo, maana swali la yule bibi lilikuwa limekaa nami kwenye kiti. Kasumbalesa, nikiwa kwenye foleni ya mpaka, malori yaliyobeba mkuba yalikuwa yanatoka wakati mimi naingia. Niliyahesabu hadi themanini na sita.

Sasa niwaulize sisi wenyewe. Desemba 1941, katika uwanja wa mpira wa mji huu, askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa migodi waliokuwa wamegoma wakidai mshahara. Mnalijua jina la Léonard Mpoyi, aliyewaongoza. Nipeni la pili. Nipeni la tatu. Nasubiri.

Mwaka 2004 ardhi iliwafunika wachimbaji Shinkolobwe. Nipeni jina moja. Karieri za mwaka jana, za mwezi uliopita: ninyi vijana mliosimama nyuma, mnayo majina vichwani, najua mnayo. Na wababa waliokufa kwa kikohozi hapa Kamalondo, na kwenye mitaa yetu ya Kenya, Katuba, Ruashi, mmoja mmoja, kitandani, bila mtu kuandika kwamba ni vumbi la mawe?

Sikuja kuomba serikali kitu leo. Sikuja kuomba kampuni kitu. Nimekuja na vitabu viwili. Viko pale mezani, karibu na mlango. Nilivinunua Hiroshima, karatasi yake ni nzito, haivuji wino. Padri amekubali vitunzwe kwenye kabati la parokia. Kila mwaka mwezi wa Septemba, kabla mvua haijaanza, tutavitoa nje, tutavifungua ukurasa kwa ukurasa, tutavipa hewa. Ninyi niliowafundisha, hiyo ndiyo kazi ya nyumbani niliyowaletea.

Kitabu cha kwanza ni cha majina. Jina, mahali, mwaka kama unaujua, alichokuwa akifanya. Mkuba, urani, kobalti, makaa, reli, yote. La kwanza nimeliandika mwenyewe jana usiku: baba yangu, tanuru, mapafu.

Kitabu cha pili hakitaandikwa kitu.

Mama, wewe uliyekaa karibu na dirisha, ambaye mtoto wako tingatinga lilimfunika. Nilikuomba ruhusa jana, ukanikubalia. Njoo. Shika mkono wangu, kuna ngazi hapo. Mpisheni mama. Kalamu ni hii. Mstari wa pili ni wa mtoto wako. Sema jina lake kwanza, kwa sauti, wote tusikie, kisha uandike.